Handaki Lisilopenda Kimya

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa maana kompyuta zilikuwako na vichwa bado vilikuwa vikikatwa, palikuwa na Sultani Shaibu, mtu wa kahawa nyingi na subira kidogo. Chumbani mwake alikuwa na kompyuta, na ng'ambo ya mji, katika jumba la mitambo, alikuwa na makontena tele, si yale ya melini bali ya kuwekea programu, kila moja na kazi yake. Kati ya chumba na jumba hilo mafundi walipitisha handaki ndani ya mtandao, ili kompyuta izungumze na makontena yale kana kwamba viko chumba kimoja.

Basi ikawa Sultani akiuliza neno, hujibiwa. Akinyamaza anywe kahawa, akirudi hukuta handaki limekatika. Akaitwa fundi Shekue, naye akasema, "Bwana wangu, programu ilindayo lango la jumba la mitambo, handaki linakoingilia, inafuata amri yako mwenyewe: anyamazaye langoni afungiwe."

Sultani akaghadhibika, akaona anasingiziwa. Akaamuru Shekue afungwe, na Ijumaa baada ya sala akatwe kichwa.

Dada yake Shekue alikuwa mke wa Mbwarahaji, fukara mcheshi asiye na kompyuta wala meza ya kuiwekea. Mke akamlilia, "Mume wangu, sina ndugu mwingine!" Mbwarahaji akaenda barazani.

"Nitalitengeneza handaki, Bwana wangu. Je, niifute ile amri?"

"Amri yangu haiguswi!"

"Nayo ni ya lango lile tu, au ya malango yako yote?"

Sultani akavimba. "Yote!"

"Nimesikia na kutii," akasema Mbwarahaji, akaenda moja kwa moja kumweleza bawabu wa kasri, naye bawabu alikuwa mtu mwoga sana.

Ijumaa ikafika. Mwenye upanga alikuwa uani na Shekue, akimngoja Sultani arudi kutoka msikitini atoe ishara. Sultani hakuwa na desturi ya kusema na mabawabu, akasimama langoni kimya. Bawabu akamfungia.

"Mwanaharamu wee, ni mimi!" Lango likafunguliwa. Akatua apanguse jasho, likafungwa tena mbele ya pua yake. Watu wakajaa, wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka.

Mbwarahaji akachungulia juu ya ukuta. "Bwana wangu, handaki lako ndivyo linavyoonewa kila siku. Sema 'nipo', na kabla hujanyamaza sana, sema tena."

Sultani akaingia kwake akisema, "Nipo, nipo," na alipofika zuliani akaangua kicheko. Akaamuru kompyuta ifunzwe kunong'ona "nipo" handakini kila anapokunywa kahawa. Akanywa vikombe viwili, handaki halikukatika.

"Taka utakacho," akamwambia Mbwarahaji.

"Nataka kichwa cha Shekue."

Baraza zima likaguna. "Cha shemeji yako?" akauliza Sultani.

"Ndiyo, Bwana. Pamoja na shingo, na vyote vilivyo chini ya shingo, kama vilivyo."

Akapewa. Lakini amri haikufutwa, kwani amri ya sultani haifutwi. Mpaka kufa kwake, Sultani Shaibu aliingia nyumbani mwake akisema, "Nipo, nipo," na bawabu akimwitikia, "Pita, Bwana."