Kanga Aliyepata Nafasi Chuo cha Juu

Hapo zamani, mji wa Ukwamani ulikuwa chini ya Sultani mmoja jina lake Tawakali, mtu mwenye huruma na kicheko kikubwa, ila mvivu wa kusoma hati anazopelekewa. Sultani huyo alijenga Chuo cha Juu, nyumba ya mawe yenye madirisha kumi, ili watoto waliomaliza vyuo vya mitaani wasome humo miaka miwili zaidi na kuwa makadhi, waganga na makarani wa nchi. Mawe ya nyumba ile yalichukuliwa kichwani na watu wa kila mtaa, na mpiga mbiu akapita akisema kuwa chuo ni cha wote.

Basi siku ya kufungua walikuja watoto wengi, nafasi zikiwa arubaini tu. Sultani akamwachia kazi ya kuchagua Waziri wake Khalfani, naye Waziri akatoa sharti: haingii mtu ila mwenye alama tisini kutoka chuo alichosoma.

Sasa, zamani zile kila mwalimu alikuwa na ubao mrefu wenye alama mia, na mwanafunzi alipojibu vizuri kijiti chake kilipandishwa. Mitaa ya wakubwa ilikuwa na mbao za mninga, na huko sahani moja ya halua kwa mwalimu ilitosha kukipandisha kijiti alama ishirini, mtoto mwenyewe akiwa bado amelala. Lakini katika mtaa wa Bondeni, ubao wa chuo uliliwa na mchwa kutoka juu hata katikati, ikawa alama zinakoma hamsini. Mtoto wa Bondeni hata ajibu kila swali lililoumbwa, kijiti chake hakikuwa na pa kwenda.

Huko Bondeni alikaa binti mmoja yatima jina lake Mize, naye kijiti chake kilikuwa kwenye hamsini mwaka wa tatu huo. Alilelewa na mjomba wake, Shaame, mkata majani ya punda. Shaame hakuwa na kitu ila mundu mmoja, kikoi kimoja na ndege mmoja aina ya kanga, na watu wa mji walimwona mjinga kwa kuwa kila aliloambiwa alilichukua kama lilivyosemwa.

Mize akaenda langoni pa Chuo cha Juu, na bawabu akamrudisha. Aliporudi nyumbani alikaa nyuma ya nyumba akalia, kisha akajifuta uso akasema, "Mjomba, nifundishe kukata majani."

Shaame akamtazama mikono, akasema, "Mundu ni mmoja, mwanangu. Ngoja kwanza nikamwulize Waziri."

Akaenda barazani, akapiga goti. "Mheshimiwa Waziri, mpwa wangu ana hamsini, na ubao wetu unakoma hapo hapo hamsini. Je, hajafika mwisho?"

Waziri akasema, "Sharti langu halikutaja ubao wala mchwa. Limetaja alama tisini. Mwenye nazo ataingia, na asiye nazo atabaki nje."

"Awe nani awe?"

"Awe nani awe."

"Na hataulizwa amezipataje?"

Hapo Waziri akawakumbuka wanawe watatu waliokwisha kuingia, akajibu upesi, "Hasha! Hilo haliulizwi kabisa."

"Basi naomba uniandikie, Mheshimiwa, maana mimi ni msahaulifu."

Waziri akacheka, akaandika: Mwenye kuja na alama tisini au zaidi aingie Chuo cha Juu, awe nani awe, wala asiulizwe alizipataje. Akatia muhuri wa Sultani, akampa.

Asubuhi yake Shaame akafika langoni na tenga kichwani. Akalishusha, akamtoa yule kanga, mweusi mwenye madoa meupe tangu shingoni hata mkiani.

"Nimeleta mwanafunzi," akasema.

"Huyu ni ndege!" akasema bawabu.

"Hati inasema awe nani awe. Hesabu alama zake."

Bawabu akaisoma hati mara mbili, akauona muhuri. Akaanza kuhesabu. Alipofika sitini na tatu kanga akageuka, hesabu ikapotea. Akaanza tena, kanga akamdonoa kidole. Ikawa askari wawili wamshike, mmoja miguu na mmoja mbawa, na bawabu akahesabu kwa sauti mpaka akafika tisini, naye hajamaliza hata bawa la kushoto. Akafungua daftari.

"Jina la mwanafunzi?"

"Kanga."

"Mama yake yu hai?"

"Tulimla Sikukuu."

"Yatima," bawabu akaandika, akamfungulia mlango.

Mwalimu wa Chuo cha Juu alikuwa mtu mwoga, naye alipoonyeshwa muhuri akauinamia. Akamweka kanga benchi la mbele, kati ya wana wa Waziri. Kila alipouliza swali, wale vijana waliinama wakatazama vidole vya miguu yao, na kanga peke yake alipaza sauti, "Chekeche! Chekeche!" Mwalimu akaandika katika daftari lake kuwa mwanafunzi huyu walau anajitahidi. Na Mize alikuja kila siku kumletea mtama, akasimama nje ya dirisha na kusikiliza somo lote hata mwisho.

Siku ya nne Sultani akaja na Waziri wake kusikia elimu inavyoendelea. Akaketi, akauliza, "Msikiti una safu kumi na nne, na kila safu ina watu kumi na tisa. Wanaoswali ni wangapi?"

Mwana mkubwa wa Waziri akasema, "Ni wengi, Bwana wangu." Kanga akasema, "Chekeche!"

Ndipo sauti ikatoka dirishani: "Mia mbili sitini na sita, Bwana wangu. Na imamu, mia mbili sitini na saba."

Sultani akageuka. "Ni nani huyo?"

Mwalimu akasema, "Huyo si mwanafunzi, Bwana wangu. Huyo humletea mwanafunzi chakula."

"Mwanafunzi gani?"

Mwalimu akamwonyesha kanga.

Sultani akaamuru Shaame aitwe. Akaja na majani yamemganda kichwani, akaitoa hati. Waziri alipoiona akapiga kelele, "Hila hii! Ndege huyu hakuzitolea jasho alama zake, amezaliwa nazo!"

Shaame akainamisha kichwa. "Kweli, Mheshimiwa. Lakini nilipouliza kama jambo hilo huangaliwa, wewe uliniambia haliulizwi kabisa. Nami nikaona benchi la mbele lina wenzake watatu, nikajua hatakuwa mpweke."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia magotini, na alipokwisha kucheka akamtazama Waziri, wala hakucheka tena.

Akasema, "Watu wote walibeba mawe ya nyumba hii. Kesho watoto wote waje uwanjani, kila mmoja na kibao chake, waulizwe maswali ishirini yale yale, mbele yangu, na arubaini watakaojibu vizuri zaidi ndio waingie. Nawe Khalfani uketi nao, ili wasiogope."

Shaame akapewa joho jekundu, akaondoka na ndege wake kwapani, na joho lile akalivaa kukatia majani mpaka miiba ikalimaliza.

Kesho yake watoto wakaketi uwanjani, wa Bondeni na wa mitaa mingine, na Waziri katikati yao, magoti yakigusa kidevu. Mize akapata kumi na tisa, na lile moja alikosa kwa kubishana na swali. Waziri akapata manne, na katika hayo moja alichungulia kibao cha jirani. Sultani akaliona hilo, akatoa hukumu kuwa mtu asiyejua kugawanya hawezi kugawa nafasi, basi Waziri naye asome miaka miwili, akae nyuma.

Siku ya kwanza ya masomo Khalfani akaingia kilemba kimeinama, akitafuta pa kukaa, na vijana wakamcheka kwa chini chini. Mize, aliyekuwa amekaa na kibao kipya mapajani, akajisogeza kwenye benchi la nyuma, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema. "Kaa hapa. Tutaanza na kujumlisha."