Kungwi na Roboti ya Kujibu Meseji

Kabla hujaunganisha chochote kwenye simu yako, soma hii, kisha mtumie na shangazi yako.

Palikuwa na kungwi mmoja, Bi Mwanamkasi, aliyefunda wari wa mji mzima. Siku hizi wari wakawa wanamwandikia kwenye mtandao wa meseji za siri, zile zenye kufuli, ambazo husomwa na aliyetuma na aliyetumiwa, basi.

Meseji zikamzidi. Nassoro, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta, akamuunganishia roboti ya kujibu.

“Pumzika, shangazi. Inajibu kama wewe, ila haichoki.”

Bi Mwanamkasi akaitazama simu kama chakula kilicholetwa na mke mwenza.

“Hiyo roboti inakaa nje ya kufuli au ndani?”

“Ndani. Isiposoma itajibu nini?”

“Na wari wangu wanajua kama imo?”

“Shangazi nawe! Acha ushamba.”

Ushamba! Mwanamke akiuliza swali la maana, jibu ndilo hilo.

Hakubishana. Akaazima simu ya jirani, akaiandikia roboti: “Shoga, hebu ninong'oneze. Wari wanasemaje wiki hii?”

“Samahani, siri za wari siwezi kuzitoa.”

Akabembeleza. Akafoka. Jibu lile lile.

Nassoro akapiga makofi. “Umeona? Kaburi hilo! Hata yule Salima anayetaka kutoroka kabla ya harusi, siri yake haitoki.”

Salima alikuwa ameandika hayo asubuhi ile, kwa kungwi wake peke yake. Mchumba wake alikwisha kumvunja mkono, na ameapa atamuua akiikataa ndoa.

“Nassoro, wewe umejuaje?”

“Si… meseji zinapitia kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nahakikisha inajibu vizuri tu.”

“Na nani mwingine amehakikisha?”

Kijana akainama. “Nilimwonyesha mwenzangu wa ofisini. Tulicheka tu, shangazi.”

Bi Mwanamkasi hakungoja kusikia zaidi. Akajitanda kanga, akaenda mwenyewe mpaka kwa kina Salima.

Adhuhuri, Salima alikuwa ameshauacha mji. Alasiri bwana harusi akaja kugonga mlango wa kina Salima kwa mateke. Alikuwa anajua kila kitu; kicheko cha ofisini kilikuwa kimeshamfikia.

Funzo: Usiulize tu kufuli lina nguvu kiasi gani. Uliza ni nani umemfungia ndani pamoja na siri za watu.