Seva ya Mzee Rutashobya

Ujumbe huu umfikie kila mtu anayeshika funguo za wenzake. Ukikuuma, usinikasirikie mimi.

Mzee Rutashobya alikuwa mwalimu mstaafu huko Muleba. Siku moja alifungua simu akakuta sura ya marehemu mama yake kwenye tangazo la dawa ya miguu. Picha ile aliipiga mwenyewe, akaihifadhi kwa kampuni moja ya mtandaoni. Alipolalamika, akajibiwa kwamba alikubali masharti siku alipojiunga.

"Masharti gani ya kumuuza mama yangu?" alifoka. "Nani aliwapa ruhusa ya kuingia chumbani kwangu?"

Hakuishia kufoka. Alitafuta kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiwekea programu huria, zile zinazotolewa bure na ambazo yeyote anaruhusiwa kukagua zilivyoundwa. Alijifunza, akakosea, akarudia. Mwishowe akawa na seva yake sebuleni, ghala la picha na nyaraka lisilomtegemea tajiri wa mbali.

Akaita familia nzima. "Leteni vitu vyenu hapa. Humu hakuna wa kuwachungulia."

Wakaleta. Hata Kokushubira, mke wa mwanawe Mwombeki, alileta vyake, maana alimwamini mzee kama baba mzazi.

Baadaye Kokushubira akaanza kusafiri kwenda Bukoba mara kwa mara. Alirudi kimya, macho mekundu. Mwombeki akamshuku, akaenda kwa baba yake.

"Baba, mke wangu ana mwanamume mjini. Wewe ndiye mwenye seva. Nifungulie vitu vyake."

"Vile ni vyake, Mwombeki."

"Na mashine ni ya nani? Au unamtetea?"

Mzee akasita. Kisha akajiambia kwamba anaokoa ndoa ya mwanawe. Akakaa mbele ya kompyuta, akafungua.

Hapakuwa na mwanamume. Palikuwa na vyeti vya hospitali: mimba ilikuwa imeharibika, na Kokushubira alikuwa bado anatibiwa. Palikuwa pia na sauti aliyomrekodia dada yake, akilia: "Sijui nitamwambiaje Mwombeki. Niache kwanza nipate nguvu."

Mwombeki akarudi nyumbani kichwa chini, akampa mkewe pole.

"Pole ya nini?" aliuliza Kokushubira. Mwombeki akashindwa kudanganya, akamweleza yote.

Kesho yake asubuhi Kokushubira alisimama mlangoni kwa mkwewe. Hakupiga magoti kusalimu, kama alivyofanya siku zote.

"Baba, ile kampuni ilimtangaza mama yako bila hata kumjua jina. Mimi unanijua! Nimekupikia, nimekuuguza. Kilio changu nilikiweka kwako, ukakifungua, ukamsikilizisha mtu!"

"Mwanangu, nilidhani naokoa ndoa yenu..."

"Kila anayechungulia ana sababu yake nzuri! Hao uliowatukana nao walikuwa nayo!"

Alichukua vitu vyake vyote kutoka kwenye seva, akaondoka. Mzee alibaki amekaa, mikono magotini, chai ikimpoa mbele yake.

Jumapili iliyofuata aliwaita watu wa nyumbani, akaungama mbele ya wote. Alikwisha kuirekebisha seva ili kila mtu ashike ufunguo wake mwenyewe, na yeye mwenye mashine asiweze kufungua cha mtu hata akitaka. Kokushubira hakufika. Mzee akamtumia ujumbe: "Nimejifungia nje, mwanangu. Rudisha vitu vyako, viko salama sasa."

Jibu lilikuja jioni.

"Nimekusamehe, Baba. Lakini zile programu ni za bure kwa kila mtu, na mimi pia nimejifunza. Vyangu nimeviweka kwangu."

Funzo: Kumiliki kabati si kumiliki siri za waliokuamini. Kabla hujamfungia mlango mwizi wa mbali, ujifungie wewe uliye karibu, kwani amana ikivunjwa, msamaha unaweza kuja, lakini amana yenyewe isirudi.