Togwa ya Mama Kimea

Haya wanangu, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Nyie mliosimama mlangoni ingieni, benchi zipo. Leo nina neno linaniwasha tangu nilipoamka, na nikilibana litanipasua kifua.

Palikuwa na mama mmoja mpika pombe. Jina alilopewa na baba yake watu walishalisahau, walimwita Mama Kimea. Kimea mnakijua: ulezi unaloweka, unaufunika mpaka uchipue, unauanika, unausaga. Ndicho kinachoutia uji utamu ukawa togwa, hata mtoto anakunywa, na hicho hicho ndicho kinachoipa pombe nguvu. Mkono wa yule mama kwenye kimea haukukosea hata siku moja. Watu walikuwa wanapanda vilima na kuteremka na makopo yao kiunoni, wanamfuata yeye.

Kisha Yesu akamkamata. Nasema akamkamata, maana hakwenda mwenyewe. Alikuwa anapita nje ya kanisa na mzigo wa kuni, akasikia watu wanaimba, akatua kuni, akaingia asikilize kidogo. Ile kidogo ikawa maisha yake yote! Jumatatu hakuwasha moto wa pombe. Wanywaji wakaja, wakamkuta kakaa anapukuchua mahindi.

"Mama Kimea, unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa. Nimepona."

Wakacheka mpaka wakashika kuta. Mmoja wao, fundi baiskeli, mwembamba, mwenye mdomo kuliko wote, akasema, "Tunakupa mwezi mmoja, mama. Sisi hatutupi makopo. Tutakungoja."

Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Ikafika sikukuu ya mavuno, wamama wa kanisa wakagawana kazi. Huyu wali, huyu maharage, huyu mboga. Mchungaji akasema, "Togwa atapika mama yetu mpya." Mama mmoja mzee wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mgongo ulionyooka kama mchi, akakohoa.

"Mchungaji, mimi simsemi mtu. Lakini togwa na pombe zinaanzia jiko moja. Tusije tukamtia mwenzetu majaribuni."

Maneno mazuri, sivyo? Lakini macho yake yalikuwa yanasema mengine. Yalikuwa yanasema, huyu atarudi tu alikotoka. Na yule Mama Kimea akayasoma yale macho, akayameza, akaondoka nayo tumboni. Mchungaji akasema, "Atapika yeye." Basi.

Sasa sikilizeni kosa lake. Watu ni wengi, sufuria zake ni ndogo. Ndani kuna chungu kimoja kikubwa, alichoachiwa na mama yake, kile kile cha pombe. Pombe aliacha, chungu hakukiacha. Akasema nitakiosha. Akakisugua kwa majivu, akakisugua kwa mchanga, akakisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Akaingiza kichwa akanusa: hakuna kitu. Ijumaa akapika uji wa mahindi, akaupoza, akaumimina kwenye kile chungu, akatia kimea, akafunika kwa jani la mgomba. Jumamosi akashinda kanisani na wenzake wanafagia na kupamba.

Nawasikia wapishi mnaguna. Ninyi mmeshajua. Chungu cha pombe hunywa chachu! Inaingia kwenye ule udongo, inakaa kwenye vitundu ambavyo jicho halioni, inalala humo kimya. Nje unang'arisha unavyotaka. Siku ukitia humo kitu kitamu, inaamka.

Jumapili asubuhi akafunua lile jani. Povu! Limejaa, limepanda, linashuka ubavuni mwa chungu, na kule ndani kunachemka bila moto. Ile harufu anaijua kuliko harufu ya wanawe. Akakaa chini kwenye majivu na nguo yake ya kanisani.

Na ile sauti ikaja. Mnaijua ile sauti? Haipigi kelele. Inakaa karibu na sikio, inaongea kwa upole kabisa: "Si unaona? Umetia uji, imetoka pombe. Hata ukimpikia Mungu, inatoka pombe. Wewe ndivyo ulivyo."

Hajajibu, mlango wa uani unasukumwa. Ni shoga yake wa zamani, waliyepika naye pombe miaka yote. Kaifuata harufu.

"Aaa, shoga! Hii si togwa hii!" Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Hii ni kitu! Si nilikwambia mkono haubatizwi?"

"Niache, shoga. Watu wanaingia kanisani saa hii, na mimi sina togwa."

"Unalilia nini sasa? Mimi jana nimepika togwa ya watoto, ndoo nzima, tamu, haina hata povu. Chukua ndoo yangu, peleka kanisani kwenu. Hii niachie mimi. Watakusifu mpaka uone aibu. Nani atajua?"

Jamani! Nani atajua? Mchungaji hatajua. Yule mama wa kitambaa cheupe hatajua, tena ataumbuka. Ndoo ipo, safi, tamu, iko nyumba ya pili! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka kwa kuwa umekaa kanisani. Jijibu taratibu.

Mama Kimea akatikisa kichwa. Akasema, "Hata nikiimwaga hapa hapa, kule nitasema nini? Nitatunga. Nikitunga leo, Jumapili ijayo nitatunga tena." Kisha akainua uso, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. Akasema, "Bwana Yesu, mimi mbele ya wale wamama siwezi kusimama. Simama wewe. Mimi nitashika chungu."

Akakunja ngata, akaiweka kichwani. "Nitwishe, shoga."

"Umerukwa na akili?"

"Nitwishe!"

Akatwishwa. Akashika njia.

Sasa mwoneni! Povu linamshukia kwenye paji la uso, linaingia kwenye kope, linachora mistari kwenye kitenge. Na harufu, jamani, harufu haina adabu. Ilitangulia mbele yake ikapiga hodi kila mlango. Wanywaji wakatoka kama siafu! "Karudi! Mama Kimea karudi!" Makopo yakachomolewa. Fundi baiskeli akawa mbele, anacheza. "Si nilisema? Mwezi ulikuwa mfupi tu! Mama, unakwenda kutuuzia wapi leo?"

"Kanisani," akasema, hageuki.

"Kanisani! Haleluya! Leo hata mimi nasali!"

Basi wakaingia uani kwa kanisa hivyo hivyo, yeye mbele na chungu, nyuma wanywaji wanane wanagonga makopo. Wamama walikuwa nje wanapanga sahani. Mikono ikasimama hewani. Mama wa kitambaa cheupe akaja na ule mgongo wake, na Mama Kimea akatua chungu miguuni pake.

"Mama mzee wa kanisa, togwa imekuwa pombe. Nilitumia chungu cha zamani. Nilikiosha, nilidhani kimetakata. Ningeweza kubadilisha, nikaona nisiwadanganye. Kama mtanifukuza, nifukuzeni. Lakini Yesu simwachi."

Ujasiri ulimwishia njiani, imani ndiyo iliyomfikisha.

Mama wa kitambaa cheupe akainama. Akachovya kidole kimoja. Akakitia mdomoni. Akasema, "Ya juzi jioni hii. Na kimea umezidisha kidogo."

Watu wakatazamana! Amejuaje? Mzee wa kanisa, wa miaka thelathini, kalamba mara moja na kujua siku na kipimo?

Yeye mwenyewe akashtuka. Akafunika mdomo. Kisha ule mgongo nikwambie ukakunjika, akakaa chini karibu na chungu, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Mwanangu," akasema, "mimi nilipika kabla hujazaliwa. Kule kwetu, kabla sijaolewa huku. Hakuna aliyejua hapa. Na kila nikikutazama wewe nilikuwa naogopa nitajiona mimi. Chungu changu nilikiosha mwaka mzima kwa maji na majivu, kila nikitia uji unachachuka. Mfinyanzi ndiye aliyeniambia, mama, chachu haiogopi maji. Kirudishe motoni. Tukakianika juani, tukakirudisha kwenye moto ule ule unaochoma vyungu vipya. Kilitoka chekundu kama siku kilipozaliwa. Mpaka leo nakipikia togwa, na wajukuu wangu wanakunywa."

Wakashika chungu, mmoja huku na mmoja huku, wakakiinamisha. Pombe ikamwagika yote uani kwa kanisa, na wanywaji wakaguna kwa pamoja kama watu wa msibani.

Wakageuka kwenda zao. Saba walikwenda. Fundi baiskeli hakwenda. Alisimama na kopo lake tupu, kicheko kimemwishia usoni.

"Mama," akamwuliza yule wa kitambaa cheupe, "huo moto ni wa vyungu tu? Mimi nimejiosha mara nyingi sana. Naacha wiki moja, nachachuka."

Yule mama akamwambia, "Moto huo una mwenyewe, mwanangu. Yumo humo ndani, anaitwa Yesu, na hajawahi kumvunja mtu aliyejileta."

Na yule bwana akapiga magoti pale pale, kwenye tope la pombe.

Sasa, wanangu, niambieni. Kama angeibeba ile ndoo safi ya shoga yake, yule fundi angemfuata nani? Nani angeiona njia ya kanisani siku ile? Angefika peke yake na sifa zake, watu wangemshangilia, na mtu angekufa kilabuni.

Sisi tunajifanya safi sana tukija hapa. Tumesugua nje. Kumbe kila mmoja ana kilicholala kwenye udongo wake: mwingine hasira, mwingine mume wa mtu, mwingine ulimi, mwingine ile chupa nyuma ya debe la unga. Siku kikiamka, shetani anatuletea maneno mawili. Kwanza, ficha. Ukikataa kuficha, anasema, basi wewe ndivyo ulivyo. Mwongo! Yote mawili uongo! Aliyeuumba udongo ndiye mwenye kusema ulivyo, na alishasema siku alipomwaga damu yake kwa ajili yako.

Usingoje upone ndipo uje. Usikope ndoo ya jirani. Wewe unayeinamisha kichwa sasa hivi ili nisikuone, nimeshakuona, na simsemi mtu. Mimi mwenyewe nilikuja hivyo hivyo. Inuka. Njoo mbele hapa, povu linakuchuruzika usoni hivyo hivyo, watu wakitazama watazame. Njoo mwanangu, nitakushika mkono.