Mikono ya Fundi Kioo

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake ni kwamba hata bingwa wa kazi huhitaji mkono wa mwenzake pale shida inapomkalia yeye mwenyewe. Fundi Kioo aliijua methali hii tangu utotoni, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya vinyozi.

Jina la Kioo alilipata kwa sababu ya kuta zake. Hakuna aliyepiga plasta ikatulia kama yake. Akimaliza ukuta, alifumba macho na kuupapasa kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe, na palipokwaruza alirudia. Kisha aliwakalia wenzake kooni: "Mwagieni maji siku saba, asubuhi na jioni! Plasta ikikauka ghafla itapasuka, na aibu itakuwa yangu." Kuta zikanywa maji, zikanawiri. Mikono yake nayo, baada ya miaka thelathini ya kushika saruji, ilikuwa mikavu kama gome la mti, vidole vimejaa nyufa na viganja vimejaa sugu.

Hayo hayakumsumbua hadi binti yake wa pekee alipokuja kukaa naye na mkewe wiki mbili, akiwa na mtoto wake wa kwanza. Fundi alitoka kazini mbio, akanawa, akamnyooshea mjukuu mikono. Kidole kikanasa kwenye shali ya sufu, uzi ukavutika, na kiganja kikamkwaruza mtoto shavuni. Kilio kilichotoka hapo, hata jirani wa nyumba ya tatu alikisikia.

"Mchukue, mama. Mimi nitamtazama tu," fundi akamwambia binti yake, akatia mikono mifukoni. Moyo ulimuuma sana. Mjukuu wa kwanza, naye hawezi kumpakata!

Siku tatu alimwimbia mtoto akiwa amesimama mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Siku ya nne akapata wazo. Ukuta ukikwaruza, dawa yake si msasa? Akajifungia stoo, akasugua viganja kwa nguvu zake zote. Alipotoka, vidole viwili vilikuwa vikichuruzika damu.

"Mzee, umefanya nini?" mkewe akauliza.

"Nilikuwa nalainisha."

Mkewe akajishika kiuno. Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Wewe unayenywesha kuta za watu maji siku saba, mikono yako umeinywesha lini? Keti hapo!"

"Mimi si mtoto, mke wangu. Nitapaka mafuta mwenyewe."

"Utapaka kwa mikono ipi? Hiyo inayovuja damu?"

Fundi akaketi. Mkewe akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kumgusagusa na taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevu akampaka mafuta ya mgando, akiyaingiza katika kila ufa kwa ncha ya kidole. Mwishowe akamvisha soksi za pamba mikononi.

Binti alipomwona, alicheka mpaka ikabidi amlaze mtoto kitandani. "Baba, unakwenda kupigana ngumi na nani?"

Ikawa hivyo siku saba, asubuhi na jioni, mama akishika mkono wa kulia na binti wa kushoto. Kazini fundi alivaa glavu za mpira. Wenzake walimtania wee, na siku ya tano wawili wakamvuta kando kumuuliza zinauzwa wapi.

Jioni ya siku ya saba, mkewe alifumba macho akakipapasa kiganja cha fundi, taratibu, kama yeye alivyozoea kupapasa kuta. Penye sugu akasita kidogo. Fundi alihisi moyo ukimdunda kuliko siku yoyote ya kukaguliwa kazi.

"Kazi imepita," mkewe akatangaza. "Mpe mtoto."

Shali haikunasa. Mtoto akakunja uso kama anayetaka kulia. Kisha akapiga mwayo, akakikumbatia kidole gumba cha babu yake, akalala. Machozi ya furaha yakamtiririka Fundi Kioo hadi kidevuni, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa yote miwili ilikuwa imejaa mjukuu.

"Nifute basi, mke wangu," akanong'ona.

Mkewe akamfuta kwa ncha ya kanga yake, akitabasamu. "Umeona, mzee? Kinyozi hajinyoi."