Kadi Mbili za Mfaume

Hadithi hii nimeletewa na shemeji yangu, naye aliletewa na mtu mwingine, kwa hiyo mwenyewe hasa simjui. Nilipoimaliza nilianza kuwaza nani nimemwahidi nini. Isome na wewe.

Kulikuwa na kijana mmoja huko Masasi, jina lake Mfaume, kazi yake kuhariri video za harusi. Alikuwa fundi kweli, hilo hakuna aliyembishia. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kuamua. Mfaume akitumwa sabuni dukani alirudi kuuliza ya rangi gani, na akiambiwa ya bluu alirudi tena kuuliza bluu ipi.

Sasa dada yake, Havijawa, akaolewa Mwanza. Bibi yao, Bi Somoe wa Nachingwea, hakuweza kwenda. Safari ni ndefu, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho moja, na daktari alisema la pili nalo liko njiani, na kinachopotea hakirudi.

Bi Somoe ndiye aliyemlea Havijawa tangu alipoachishwa ziwa. Hakutaka sehemu ya mahari wala zawadi. Alisema hivi: "Nataka nimwone mke mwenzangu kavaa shela. Mara moja tu, kabla giza halijafunga." Mnaujua utani wa bibi na mjukuu wake. Lakini siku hiyo aliposema hakuna aliyecheka.

Vipande vya kwenye simu walishamwonyesha, ila kwa kioo kile kidogo hakuambulia kitu. Alihitaji televisheni kubwa ya sebuleni, na video iliyopigwa kwa kamera za Mwanza isingefunguka humo mpaka ihaririwe na kugeuzwa. Wapiga picha wakamtumia Mfaume kila kitu kwenye diski. Nani mwingine, na fundi yuko ndani ya ukoo?

Bahati mbaya, umeme ukakatika pale Masasi, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kadi ya picha ya kompyuta yake. Ni kile kipande cha ndani kinachobeba mzigo wa video. Bila hicho, kompyuta ya mhariri ni sanduku tu.

Mfaume akaenda kwa Bwana Kimario, muuza vifaa nyuma ya stendi. Kimario akamwekea kadi mbili mezani. Zilifanana kama mapacha.

"Hii ni ya kawaida," akasema. "Na hii ni hiyohiyo, ila wameiongeza kasi kulekule kiwandani."

"Ipi nzuri?"

"Zote nzuri. Hii ya pili inawahi kidogo, inakula umeme zaidi, inapata joto zaidi. Kwa harusi zako hutaona tofauti."

"Nikichukua ya kawaida sitajuta?"

Kimario akamtazama, akacheka. "Mfaume, mimi nakujua. Chukua zote mbili, kajaribu. Ukiridhika na moja, nyingine nirudishie."

Ni wema wa mtu na mteja wake wa siku nyingi, na wema huo ndio uliomponza. Angepewa moja, angefanya kazi.

Alianza na ya kawaida. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa. Mtu mwingine angekaa hapo, akahariri, akamaliza. Mfaume akachukua kipande kifupi cha video, bibi harusi anaingia ukumbini, akakipitisha kwenye mashine huku saa iko mkononi. Kisha akaichomoa kadi, akachomeka ile ya pili, akakipitisha kipande kilekile.

Ya pili ikawahi. Kidogo tu, lakini ikawahi. Moyo wake ukatulia, mpaka feni ilipoanza kuunguruma na sanduku likapata moto kama pasi. Chumba chake kilikuwa cha bati, na jua la Masasi halina simile. Akaogopa. Ikizima katikati ya kazi je? Ikiungua kama ile ya kwanza? Akaichomoa mbiombio.

Akarudi kwenye ya kawaida. Ilikuwa kimya, ya baridi, na sasa ilimwonekea nzito. Kabla hajaijua nyenzake hakuiona nzito hata kidogo.

Akauliza kwenye kundi la mafundi la kwenye simu. Mmoja akamjibu kwamba kasi ya kiwandani ni chambo cha wauzaji. Mwingine akasema anayenunua ya kawaida leo atalia kesho. Wakagombana wao kwa wao mpaka mkuu wa kundi akafunga mjadala. Katika wote wale hakuna aliyemuuliza kazi yenyewe ni ya nani, na yeye hakuitaja.

Mama yake akapiga simu kutoka Nachingwea.

"Mwanangu, bibi yako anaulizia video."

"Inakaribia, Mama. Nahakikisha mashine tu."

"Jana kamwaga chai nje ya kikombe. Anasema mezani kuna ukungu."

"Nataka aione vizuri, Mama. Nikikosea je?"

"Ukikosea nini?"

Mfaume akasema atapiga baadaye. Tusimwonee. Alimpenda bibi yake, na hofu yake ilitoka kwenye mapenzi hayo. Aliwaza kwamba picha ikikwama palepale kwenye uso wa Havijawa, basi uso uliokwama ndio utakaokuwa wa mwisho Bi Somoe kuuona duniani.  Kila akishika bisibisi anasikia sauti inamwambia: si hii, ni ile.

Basi akachomoa, akachomeka. Akasoma, akauliza, akasoma tena. Akaagiza pawa saplai kubwa zaidi kutoka Dar, ili ile kadi yenye mbio isikose umeme. Akaingojea ifike. Ilipofika, akaanza majaribio upya, na kile kipande kilekile cha bibi harusi anaingia ukumbini. Kimario alimtumia ujumbe kuulizia kadi yake moja, akamjibu, "Nipe kidogo, kaka."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe hapa yalikuwa mengi.

Siku moja mama akapiga tena. Safari hii hakuuliza kitu.

"Leo asubuhi nimeingia kwake, kabla sijamwamkia," akasema, "akaniuliza mimi ni mgeni wa nani."

Mfaume akasimama. Kadi iliyokuwa ndani wakati huo ni ile yenye mbio, akaiacha hivyohivyo. Akaiamuru kompyuta iunganishe vipande vyote kama vilivyokuja, mwanzo mpaka mwisho, na kuvigeuza kwa ajili ya televisheni. Muda wote kazi ikienda, macho yake yalikuwa pembeni ya kioo, kwenye namba inayoonyesha joto. Namba haikupanda kupita kiasi. Adhuhuri haijaingia, kazi imekwisha.

Ndiyo hivyo. Nusu siku. Kadi yoyote katika zile mbili ingeifanya kazi ile siku ileile alipotoka dukani kwa Kimario.

Akapanda basi na flashi mfukoni. Alipofika Nachingwea, sebule ilikuwa imejaa mama zake wadogo na majirani. Bi Somoe alikuwa amevalishwa kanga mpya, amewekwa mbele kabisa, magoti yanakaribia kugusa meza ya televisheni. Mfaume akamwamkia, akachomeka flashi, akawasha.

Picha ilitoka safi. Haikukwama hata mara moja. Ngoma ikalia, wanawake wa Mwanza wakapiga vigelegele, na wa sebuleni nao wakaitikia.

Bi Somoe alikuwa ametulia, mikono mapajani.

"Mmeshawasha?" akauliza.

Vigelegele vikakatika.

"Tayari, Bibi," akasema Mfaume.

"Mbona ngoma naisikia, watu siwaoni? Mwanga upo, naona uko hapo mbele. Watu hakuna."

 Mama yake Mfaume akainuka kwenda kuzima, lakini kabla hajafika, Havijawa aliikaribia kamera, na uso wake ukajaa kioo kizima. Mfaume hakuwahi kufika hapo. Majaribio yake yote yaliishia mlangoni mwa ukumbi.

"Mke mwenza," Havijawa akasema akicheka, "niangalie vizuri. Sema kweli, nimekuzidi, sijakuzidi?"

Bi Somoe alicheka kwa mazoea, kama anayejibu utani. Kisha akageuza kichwa huku na huku.

"Anasema nimwangalie," akasema. "Yuko upande gani?"

Mfaume akaushika mkono wa bibi yake, akauweka juu ya uso wa dada yake. Vidole vikapapasa taratibu, kulia, kushoto, halafu vikatulia.

"Ni kioo," akasema Bi Somoe.

Hakuuondoa mkono. Kisha akauliza bila ukali wowote, "Mume wangu, ulichelewa na nini?"

Mfaume akamweleza yote. Kadi mbili, ya kawaida na iliyoongezwa kasi, joto, mafundi, pawa saplai. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kuwasikiliza wajukuu wake.

"Na ukaichukua ipi?"

"Yenye mbio, Bibi."

"Imekuwahisha wapi?"

Mfaume akalia mbele ya mama zake wadogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Funzo: Anayekusubiri hakusubiri kilicho bora kuliko vyote, anakusubiri wewe, uje na kinachotosha, wakati bado kinamfaa. Kama kuna uliyemwahidi kitu, anza na huyo leo, halafu ndipo uwatumie wengine hadithi hii.