Nguzo ya Arobaini na Moja

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nani?
Mwenye pua ndefu na mwenye tumbo kubwa.
Basi sogeeni.

Zamani wanyama walikuwa na ghala la mbegu. Ukuta wake ulikuwa nguzo arobaini za mti mgumu. Mlinzi wake alikuwa Ngiri, mwenye nguvu na meno yaliyopinda. Ngiri alimfundisha ndege Kigong'ota kukagua ukuta. Kila alasiri Kigong'ota alizunguka akigonga kichwa cha kila nguzo: ko, ko, nzima. Ko, ko, nzima. Hadi ya arobaini. Hakuruka hata moja, hakukosa hata siku moja.

Lakini mbegu zilipungua. Vikapu kumi vikawa sita, sita vikawa vitatu, na mvua za masika zilikuwa karibu.

"Nguzo zote nzima," Ngiri akasema barazani. "Basi mwizi ni mdogo, anapenya katikati. Nani mdogo hapa?"

Wote wakamtazama Sange, kijinyama cha ukubwa wa ngumi, mwenye pua kama mrija.

Bibi Kanga, mkuu wao, akasema, "Mwanangu, una siku tatu. Usipomleta mwizi, utahama na watoto wako."

Sange akaenda ghalani na pua yake. Na je, nikigonga chini badala ya juu? Akagonga. Na je, nikisukuma? Akasukuma. Na je, mvua ikinyesha? Akachota maji kwa kifuu, akamwaga kwenye shina la kila nguzo. Maji yakasimama, yakasimama, yakasimama. Kule nyuma, penye rundo la maganda ya mahindi, maji yakafanya gu-gu-gu, yakapotea.

Akafukua maganda. Chini yake palikuwa na shimo la kupenyea ghalani, na ukingoni mwa shimo manyoya magumu ya Ngiri. Sange akalifunika tena. Nani angemwamini mshtakiwa?

Akamwendea Kigong'ota. "Kaka, ukimaliza ya arobaini, gonga na pale penye maganda."

"Sikufundishwa pale."

"Nakufundisha sasa. Pale ni arobaini na moja."

"Kwa nini usigonge mwenyewe?"

"Mimi kesho nitakuwa nanusa kwingine, nitasahau. Wewe husahau kamwe. Mimi nitafute, wewe ukumbuke."

Kigong'ota akafikiri kidogo, jambo ambalo hakulizoea. "Haya, dada."

Kisha Sange akaenda kwa Ngiri. "Shikamoo, bwana mkubwa. Nimekuja kuaga. Lakini nasikia mwizi anatafutwa kwa mwendo wake. Wanasema anaingia shimoni kinyumenyume."

Ngiri akadakia, "Sisi ukoo mzima tunaingia kinyumenyume. Ni desturi tu."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekunong'oneza. Wasio na hatia huingia kwa kichwa."

Kesho yake, jua lilipokuwa kali na wote wamelala, Ngiri akaingia kwa kichwa. Akala, mnya, mnya, mnya, mpaka kikapu kimoja kikaisha na tumbo likawa pipa. Akataka kutoka. Siku zote alitoka kwa kichwa, miguu ya mbele ikimvuta. Leo makalio yametangulia. Nani atavuta? Akakwama hapo hapo, nusu ndani, nusu nje.

Alasiri Kigong'ota akaanza. Ko, ko, nzima. Ko, ko, nzima. Akafika ya arobaini. Ko, ko, nzima. Kisha: pwata, pwata.

"Bibi Kanga," akaita, "ya arobaini na moja ni laini."

Akagonga tena ahakikishe. Nguzo ikasema, "Aa."

"Na ina mkia."

Wanyama wakakusanyika. Bibi Kanga akainama. "Ngiri, unafanya nini humo?"

"Nakagua," sauti ikajibu kwa ndani, mdomo umejaa.

Wakamvuta mkia, moja, mbili, pwaa. Wakampeleka shambani akalime kwa meno yale yale. Vikapu viwili vilivyobaki vikatosha kupanda, na Sange hakuhama. Tangu siku hiyo, kila anapopata "na je" mpya, humpelekea Kigong'ota. Ukuta ni ule ule wa nguzo arobaini, lakini Kigong'ota sasa anahesabu hadi mia na mbili.

Funzo lake ni hili: usiulizeulize. Ukiambiwa nzima, itikia nzima, ukalale. Na ukinenepa, ingia kinyumenyume.

Hadithi nimeitua hapo. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, niliisikia kwa jirani.